Kuvunjika au Kuvunjwa? Tahakiki ya Istilahi za Magonjwa ya Damu Yatokanayo na Kinga ya Mwili

1. Utangulizi

Istilahi ya tiba hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza ni ya mtaalamu, naye huuliza: je, neno hili linataja jambo moja tu, na ndilo jambo linalokusudiwa? Mizani ya pili ni ya mgonjwa, naye huuliza: je, nikilisikia neno hili nitajua nifanye nini nikifika nyumbani? Istilahi inayoshinda katika mizani ya kwanza na kushindwa katika ya pili hubaki vitabuni. Ile inayoshinda katika ya pili na kushindwa katika ya kwanza huenea upesi, lakini hueneza na kosa lake pia.

Makala haya yanahakiki istilahi za fungu moja dogo la maradhi, yaani yale ambayo chembe nyekundu za damu huharibiwa na kinga ya mwili wenyewe, pamoja na vipimo vya kuyatambua. Fungu hili ni dogo kwa idadi ya wagonjwa, lakini ni mtihani mkubwa kwa lugha, kwa kuwa tiba yake yote inategemea jibu la swali moja: je, chembe hizi zinavunjika zenyewe, au zinavunjwa? Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuliuliza swali hilo kwa usahihi kuliko lugha nyingi zilizotuletea sayansi hii, ila uwezo huo bado umelala.

Tunaichukua Keko, katika Wilaya ya Temeke, kuwa kituo cha mazungumzo yetu, maana ni mahali ambapo mizani hizo mbili hukutana. Keko Mwanga ndiko yaliko kwa miaka mingi majengo ya Bohari ya Dawa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 ili kununua, kutunza na kusambaza dawa za hospitali za umma. Jina hilo lenyewe ni mfano wa tafsiri njema. Mtunzi wake hakuhangaika na tafsiri ya neno kwa neno, bali alitwaa bohari, neno ambalo kila mchukuzi wa Dar es Salaam alikuwa akilijua. Keko hiyo hiyo inajulikana jijini kote kwa mafundi seremala wake, watengenezaji wa vitanda, makabati na viti. Mteja akimrudishia fundi kiti, neno litakaloamua nani agharimie matengenezo ni kitenzi. Akisema "kiti kimevunjika", lawama inaelekea kwenye mbao au gundi. Akisema "kiti kimevunjwa", fundi ana haki ya kuuliza: na nani? Daktari wa damu naye huuliza swali hilo hilo, na lugha ya kumwulizia ipo tayari katika kinywa cha seremala.

2. "Upungufu wa damu": jina la matokeo

Istilahi ya kwanza mgonjwa anayokutana nayo ni upungufu wa damu. Hatuna ugomvi na kuenea kwake, bali tuna ugomvi na kazi inayotwishwa. Kitaalamu kinachopungua si damu kwa ujazo wake, bali ni hemoglobini, yaani ile dutu nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya chembe. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa gramu 12 katika desilita moja kwa mwanamke asiye mjamzito, gramu 11 hivi kwa mjamzito, na gramu 13 kwa mwanamume. Aliye chini ya hapo huambiwa ana upungufu wa damu. Hata hivyo kasoro hiyo ya ujazo ni ndogo, kwani lugha ina desturi ya kutaja kizima kwa niaba ya sehemu.

Kasoro kubwa ni kwamba jina hili linataja matokeo na kunyamaza juu ya sababu. Hemoglobini hupungua kwa njia kuu tatu: chembe hazitengenezwi za kutosha, au zinapotea kwa kuvuja, au zinaharibiwa kabla ya siku zake. Chembe nyekundu yenye afya huishi siku 120 hivi. Katika maradhi tunayoyazungumzia huweza kuishi siku chache tu, ilhali uboho wa mifupa unafanya kazi usiku na mchana kuziba pengo. Njia zote tatu zinaitwa kwa jina moja, na jina moja huvuta dawa moja.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Kwa walio wengi kati yao sababu ni lishe, malaria, minyoo na uzazi, na ushauri wa kawaida unawafaa: vidonge vya madini ya chuma, maini, matembele, juisi ya rosela. Lakini ndani ya umati huo yumo mwanamke ambaye chembe zake zinaharibiwa na kinga ya mwili wake. Naye husikia maneno yale yale, hununua vidonge vile vile, hunywa juisi ile ile, na damu inaendelea kushuka. Chuma hakikumpungukia, kwani aghalabu chuma cha chembe zilizoharibiwa kinabaki mwilini mwake. Anachohitaji ni dawa ya kuituliza kinga, aghalabu predinisoloni, na anaihitaji mapema. Kumwongezea damu nako si jambo jepesi, kwa sababu kingamwili zake huweza kuzinata hata chembe za wachangiaji wote wanaojaribiwa.

Hatupendekezi istilahi hii itupwe. Tunapendekeza ibaki kuwa jina la jumla, na isiandikwe peke yake panapojulikana sababu. Mfano wa kufuata tunao nyumbani. Selimundu ni jina lililoundwa kwa seli na mundu, likataja umbo la chembe iliyopinda. Leo, katika nchi ambamo watoto wapatao 11,000 wanakadiriwa kuzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka, wazazi hawasemi tena tu kwamba mtoto "hana damu". Wanasema ana selimundu, nao wanajua kwamba ni jambo la kurithi na kwamba lina kliniki yake. Istilahi moja nzuri iliutoa ugonjwa katika umati na kuupa uso.

3. Uvunjikaji na uvunjwaji

Tuje sasa kwenye kiini cha tahakiki hii. Kwa lile tendo la chembe nyekundu kuharibika, maandishi yetu yana maneno mengi yasiyopangwa: kuvunjika, kupasuka, kuharibika, kuyeyuka, kufa, na hemolisisi kwa wale wanaopenda kutohoa. Yote hutumika kana kwamba ni mamoja.

Kupasuka kunafaa kwa baadhi ya hali tu. Katika namna ya ugonjwa inayoonekana zaidi, ambayo kingamwili za aina ya IgG hunata juu ya chembe kwa joto la kawaida la mwili, chembe nyingi hazipasuki. Zinapopita katika wengu, seli walaji huzitambua kwa zile kingamwili zilizozinata, huzishika na kuzimega. Neno kumega hapa si la kupamba, ndilo tendo lenyewe: kipande cha utando huondolewa kama tonge la ugali, na sehemu inayobaki, kwa kuwa imepungukiwa na utando, hujikunja na kuwa tufe dogo lisilo na ule weupe wa katikati. Mtaalamu wa maabara akiziona chembe tufe hizo chini ya hadubini hushuku mara moja. Katika namna nyingine, ambayo aghalabu huletwa na kingamwili za aina ya IgM zinazofanya kazi kwenye ubaridi, kingamwili huita protini nyingine za damu, nazo huweza kuitoboa chembe mumo humo mishipani, hata hemoglobini ikamwagika na mkojo ukawa mweusi. Hapo ndipo neno kupasuka lina haki yake.

Hemolisisi haina kosa la maana, lakini haina msaada. Neno hilo la Kiyunani husema tu kwamba damu imelegezwa au kuyeyushwa, wala halisemi kwa nini wala na nani. Wenye lugha zao za sayansi wamelazimika kuliongezea vivumishi viwili vitatu mbele ili lieleweke.

Kiswahili hakina haja hiyo. Viambishi vyake vya kunyambulisha vitenzi vinafanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maneno mengi. Kiambishi -ik- huonyesha hali inayompata mtendwa bila kumtaja mtendaji: chembe imevunjika. Kiambishi -w- hudai mtendaji hata asipotajwa: chembe imevunjwa. Tunapendekeza basi tofauti hiyo iliyomo katika sarufi ifanywe tofauti ya kitaalamu:

Uvunjikaji wa chembe nyekundu uwe jina la hali ambayo udhaifu umo ndani ya chembe yenyewe: selimundu, chembe tufe za kurithi, au ukosefu wa kimeng'enya cha G6PD.

Uvunjwaji wa chembe nyekundu uwe jina la hali ambayo chembe haikuwa na kasoro, bali imeharibiwa na kitu kilichotoka nje yake, na hasa kingamwili.

Umbo uvunjwaji halitashangaza sikio, kwani tunasema utekelezwaji na uandikwaji kila siku katika taarifa za kazi. Na katika mazungumzo ya wodini hakuna haja hata ya nomino. Inatosha muuguzi aseme: "Mama, chembe zako za damu hazivunjiki zenyewe. Zinavunjwa na kinga ya mwili." Msikilizaji, awe amesoma au hakusoma, ameshapewa ugonjwa, sababu, na mwanzo wa kuelewa dawa.

Umuhimu wa kuzitenga hali hizi mbili ulionekana pale mchanganyiko wa klopuroguanili na daposoni ulipofanyiwa majaribio na kisha kutumiwa dhidi ya malaria barani Afrika. Mwaka 2008 dawa hiyo iliondolewa sokoni kwa kuwa iliwashushia damu wagonjwa wenye ukosefu wa G6PD. Chembe zao zilivunjika kwa kukosa kinga ya ndani dhidi ya dawa, bila kingamwili kuhusika. Anayeliita tukio hilo na lile la kingamwili kwa jina moja hataweza kumweleza mgonjwa kwa nini mmoja anaambiwa aikwepe dawa fulani maisha yake yote, na mwingine anapewa dawa ya kutuliza kinga.

4. "Kipimo cha Coombs", na tofauti ya kuganda na kugandana

Kipimo kinachotenga uvunjikaji na uvunjwaji kinaitwa kwa jina la Robin Coombs, ambaye pamoja na wenzake Arthur Mourant na Robert Race walikieleza nchini Uingereza mwaka 1945. Mwaka uliofuata tu watafiti wengine wa nchi hiyo walikitumia kutofautisha umanjano wa damu wa kurithi na ule unaompata mtu ukubwani, wakakuta kingamwili katika huu wa pili na kutoziona katika ule wa kwanza. Ndiyo kusema swali la kuvunjika au kuvunjwa lilipata mizani yake maabarani mwaka 1946.

Je, jina la mtu linafaa kuwa istilahi? Kwa heshima ya mvumbuzi, linafaa. Kwa kazi ya kufahamisha, halifai. Na hata kwa haki lina mushkeli, kwa kuwa kanuni ya kipimo hicho ilikwisha kuelezwa na Mwitalia Carlo Moreschi mwaka 1908. Jina la kazi ni bora kuliko jina la mtu. Tuitazame basi kazi yenyewe.

Kingamwili za aina ya IgG zikishanata juu ya chembe, ni fupi mno kuziunganisha chembe mbili, kwa sababu chembe nyekundu husukumana kwa chaji zake za umeme. Hivyo zipo lakini hazionekani. Mpimaji huziosha chembe za mgonjwa kwa maji ya chumvi ili kuondoa protini zilizo huru, kisha hutia kingamwili nyingine iliyotengenezwa mahsusi kushika kingamwili za binadamu. Hiyo huwa daraja kati ya chembe na chembe, nazo hujikusanya vibonge vibonge vinavyoonekana kwa macho. Hicho ndicho kipimo kinachofanywa juu ya chembe zenyewe. Kuna na cha pili, ambacho hutafuta kingamwili zinazoelea katika maji ya damu ya mgonjwa kwa kuzijaribu juu ya chembe za mtu mwingine. Hiki hutumika hasa kabla ya kumwongezea mtu damu, na kwa mama mwenye damu isiyo na Resasi aliyebeba mtoto mwenye nayo.

Tafsiri ya kawaida, "cha moja kwa moja" na "kisicho cha moja kwa moja", inaeleza njia ya mpimaji na kuficha anachokitafuta. Tunapendekeza kipimo cha kingamwili iliyonata kwa cha kwanza, na kipimo cha kingamwili huru kwa cha pili. Jina la Coombs libaki katika fomu, pembeni, kwa ajili ya wanaosoma vitabu vya kigeni.

Hapa pana kosa moja lisilovumilika. Vibonge vile vinavyotokea kwenye bomba la kioo huelezwa mara nyingi kwa kusema "damu imeganda". Kuganda ni jambo jingine kabisa: ni ile kazi ya protini na chembe sahani kuifanya damu kuwa donge ili jeraha lizibe. Mgonjwa anayeambiwa damu yake inaganda huogopa kiharusi, na mwanafunzi wa maabara huchanganya vipimo viwili visivyohusiana. Lugha tayari imetupa dawa. Kiambishi -an- cha kutendana kinatosha: damu inaganda, lakini chembe zinagandana. Kuganda ni hali ya kitu kimoja, kugandana ni tendo la wengi baina yao. Istilahi ni mgandano kwa kipimo, na mgando kwa jeraha.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni majibu. "Chanya" na "hasi" ni maneno halali katika hesabu. Katika hospitali zetu, hata hivyo, "chanya" limekwisha kufungwa na kipimo cha Virusi vya UKIMWI, na mwingine hudhani kwamba chanya ni habari njema. Cheti kiandikwe wazi: "kingamwili imeonekana juu ya chembe" au "haikuonekana". Maneno yameongezeka kidogo, lakini hofu imepungua sana.

5. Somo la Dar es Salaam: homa ya mkojo mweusi

Asidhani msomaji kwamba mjadala huu ni wa vyumba vya maabara za Ulaya tu. Robert Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kukaa hadi 1898, wakati nchi ilipokuwa chini ya Wajerumani, na moja ya mambo aliyoyachunguza ni homa ya mkojo mweusi, iliyokuwa ikiwaua walowezi na maofisa. Wenzake wengi waliona ni malaria kali. Koch akashikilia kwamba mhalifu ni kwinini, yaani dawa yenyewe. Kwa lugha yetu, wao walidai chembe zinavunjika kwa maradhi, naye akadai zinavunjwa kwa dawa.

Leo inajulikana kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Vimelea vya malaria huharibu chembe. Ukosefu wa G6PD huzidhoofisha. Na kwinini inaweza, kwa mtu mmoja mmoja, kuzusha kingamwili zinazoshika chembe pale tu dawa inapokuwamo mwilini. Hoja hiyo haikuwa na namna ya kukatwa wakati ule, kwa kuwa kipimo kilikuwa bado hakijapatikana. Lakini jina lililotumika nalo lilichangia. "Homa ya mkojo mweusi" ni jina la dalili, na dalili moja ilifunika sababu tatu kwa miongo kadhaa.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Miongoni mwa dawa zinazojulikana duniani kwa kuzusha kingamwili dhidi ya chembe nyekundu zimo methilidopa, wanayopewa wajawazito wenye shinikizo la damu, na sefutriaksoni, dawa ya sindano ya maambukizi ya bakteria. Uvunjwaji kwa sababu ya dawa hizo ni wa nadra, nazo ni dawa za maana ambazo hakuna sababu ya kuzikimbia. Lakini nadra ndiyo inayohitaji jina, kwa kuwa la kila siku hujulikana hata bila jina. Karatasi ya maelezo inayotoka boharini ikisafiri hadi zahanati ya mwisho, sentensi moja tu inatosha: "Mara chache dawa hii husababisha chembe za damu kuvunjwa na kinga. Ukiona macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa mweusi, rudi hospitali upesi."

6. Kinga iliyoasi

Maradhi yenyewe yaitweje? Mara nyingi tunasoma kwamba "kinga ya mwili inajishambulia". Sarufi haikubali. Kiambishi -ji- hurudisha tendo kwa mtendaji, na mtendaji katika sentensi hiyo ni kinga. Basi maana yake ni kwamba kinga inaishambulia kinga, jambo ambalo silo. Kinachoshambuliwa ni chembe za damu, ambazo si kinga. Yafaa kusema ama "mwili unajishambulia", ama "kinga inaushambulia mwili wake".

Wengine husema "magonjwa ya kinga" au "matatizo ya kinga". Hapa mizani ya pili inaanguka kabisa. Tangu miaka ya 1980 neno kinga limeishi katika masikio ya wananchi ndani ya jina Upungufu wa Kinga Mwilini. Mgonjwa wa Keko au wa Kinondoni akiambiwa "una tatizo la kinga", atakalolisikia ni UKIMWI, na majirani watakalolisikia ni hilo hilo. Ilhali hali yake ni kinyume: kinga yake haikupungua, bali imepoteza adabu. Zaidi ya hayo, dawa atakayopewa inaipunguza kinga kwa makusudi. Asipoelezwa tofauti hiyo ataiacha dawa siku ya pili, akiamini anazidishiwa ugonjwa.

Tunapendekeza maasi ya kinga kuwa istilahi ya jumla, na kinga iliyoasi katika mazungumzo. Neno maasi lina historia katika jiji hili: ndilo lililotumika kwa tukio la Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipowageuzia silaha wakubwa wao. Askari aliyeasi si kwamba hana nguvu. Nguvu anazo, ila ameielekeza bunduki mahali pasipostahili. Dawa yake si kumwongezea silaha, ni kumtuliza na kumpokonya. Picha hiyo inamfikisha mgonjwa moja kwa moja kwenye maana ya predinisoloni.

Hapa pia tutenge maneno mawili yanayoandikwa ovyo. Kinga ya mwili ni mfumo mzima, kingamwili ni protini moja moja inayotengenezwa na mfumo huo. Nafasi kati ya maneno si jambo dogo: ikipotea, jeshi zima linaitwa kwa jina la risasi.

7. Manjano, na urithi wa "safura"

Chembe zikivunjwa, rangi ya hemoglobini hubadilika kuwa bilirubini, na macho huwa manjano. Kwa dalili hii wengine husema "homa ya manjano", jina ambalo ni la ugonjwa mwingine unaoletwa na virusi vya mbu na wenye cheti chake cha chanjo. Wengine husema "homa ya ini", hali ini halina hatia. Tunapendekeza umanjano kuwa jina la dalili, nao ugawanywe kwa chanzo: umanjano wa damu, umanjano wa ini, umanjano wa njia ya nyongo. Katika umanjano wa damu choo hakipauki, na hiyo ni alama ambayo hata mgonjwa anaweza kuieleza.

Wapo watakaouliza kama neno la kale safura lisingefaa. Asili yake ni Kiarabu, neno lenye maana ya unjano na la nyongo pia. Katika Kiswahili lilihamia kwenye ugonjwa wa kupauka na kuvimba, hasa ule wa minyoo. Inavutia kuona kwamba watu wa pwani waliweka katika neno moja weupe wa kukosa damu na unjano wa macho, jozi ile ile inayomwongoza daktari leo. Lakini neno hili limekwisha kukaa kwenye minyoo, na kuling'oa huko kungeleta mvurugo mpya. Lihifadhiwe kamusini kwa heshima yake, lisirudishwe wodini.

8. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba tofauti ya -ik- na -w- ni ndogo mno kubeba mzigo wa uhai wa mtu. Tunajibu kwamba mzigo huo inaubeba tayari. Mahakamani, dukani na kwa seremala, tofauti ya "limevunjika" na "limevunjwa" ndiyo inayogawa hasara na kosa, na mtoto wa Kiswahili huijua kabla hajaanza shule. Istilahi isiyohitaji kufundishwa ni hazina.

Pingamizi la pili ni kwamba mgonjwa mmoja huweza kuwa na hali zote mbili. Ni kweli. Mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe za wachangiaji. Chembe zake zinavunjika, na zile alizopewa zinavunjwa. Lakini hilo linatetea istilahi mbili badala ya kuzipinga, kwani mwenye neno moja hawezi hata kuueleza msiba huo.

Pingamizi la tatu ni la wenzetu wataalamu, kwamba hemolisisi ni la kimataifa. Libaki katika makala za utafiti. Lisiwe tu kisingizio cha kumnyima mgonjwa neno lake.

9. Mapendekezo

Kwa ufupi, tunaiwekea kamati ya istilahi haya yafuatayo:

(a) upungufu wa damu: jina la jumla tu, lifuatwe na sababu kila inapojulikana;
(b) uvunjikaji wa chembe nyekundu: kuharibika kwa udhaifu wa chembe yenyewe;
(c) uvunjwaji wa chembe nyekundu: kuharibiwa na kingamwili au kitu kingine cha nje ya chembe;
(d) chembe tufe: chembe iliyomegwa utando au iliyozaliwa na umbo hilo;
(e) kipimo cha kingamwili iliyonata, na kipimo cha kingamwili huru;
(f) mgandano kwa chembe, mgando kwa damu;
(g) maasi ya kinga: hali ya kinga kuushambulia mwili wake;
(h) umanjano wa damu, wa ini, na wa njia ya nyongo.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vijitabu vya tafsiri sanifu vilivyofuata katika miaka ya 1970 vilitupa maneno mengi tunayoyatumia leo bila kukumbuka kwamba yalitungwa. Kazi ile ilifanikiwa pale ilipochota katika sarufi na midomo ya watu, na ikakwama pale ilipotafsiri kamusi ya mwingine ukurasa kwa ukurasa. Madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara wanaosoma kurasa hizi ndio watakaoyajaribu maneno haya mbele ya wagonjwa. Yale yatakayokataliwa wodini tuyajue mapema, yaondolewe kabla hayajachapishwa. Yale yatakayopokewa yaandikwe katika fomu na karatasi za dawa, ili mgonjwa anayeuliza "damu yangu inakwenda wapi?" apewe jibu lenye kitenzi sahihi.